Majini Nakimbia, Mteremkoni Naanguka

S.L.P. 914,
Mwika,
Moshi, Kilimanjaro.

9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Mathew,

Nakusalimu kwa upendo wa dada, na kupitia kwako namsalimu Pamela na watoto. Hamjambo huko Kanada? Baridi imeshaanza? Ruth, jirani yenu wa huko aliyekuja likizo, ameniambia kwamba kwenu maji yanaganda hadi mtu anatembea juu ya ziwa na viatu vyake. Nilidhani ananitania. Vaeni vizuri, na watoto wafunikeni masikio, maana ukoo wetu unaumwa sana masikio, na wewe mwenyewe unajua ulivyomkesheza mama.

Huku sisi ni wazima. Mvua za vuli zimeanza, si za fujo, ila mlima haujaonekana wiki nzima. Kahawa ya mwisho iko kwenye kichanja. Wingu likipita nainuka kuifunika kwa turubai, jua likitoka nainuka kuifunua. Ndiyo maana utaona mwandiko unabadilika badilika, usiseme mwalimu amezeeka.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, na kila siku unaimalizia vibaya. Ruth anasafiri leo kurudi huko kwenu, atapita hapa mchana kuichukua barua, kwa hiyo naandika mbio mbio.

Jambo lenyewe ni hili la kunihamisha. Umesema kabla ya Krismasi niwe nimeshuka Shirimatunda, huko mjini, kwenye nyumba ya tambarare isiyo na ngazi wala utelezi. Ng'ombe auzwe, kihamba, shamba hili la baba, kiwekewe mtu wa kukilinda. Umesema mwenye nyumba anasubiri neno lako tu. Mathew, tangu siku ile situlii. Nashika hili naacha, nashika lile naacha, juzi nimeunguza hata uji. Naomba usimpe huyo mtu jibu mpaka uimalize barua hii.

Habari ya Aprili unaijua: mvua, utelezi, mkungu wa ndizi kichwani, halafu mimi chini na mkungu juu. Ya upasuaji wa goti pia unaijua, wewe ndiye uliyelipia, na Mungu akuzidishie. Usichokijua vizuri ni yaliyofuata.

Hospitali walinielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia mjini, binti wa Kihindi wa hapa hapa Moshi anayeitwa Bhavna. Ni mjukuu wa yule mzee Hasmukh aliyekuwa na duka la vitambaa, tulikokuwa tunanunuliwa sare za shule. Kiswahili chake sasa kinakushinda wewe. Kila nikiingia ananiambia shikamoo Mwalimu, halafu ananitesa. Ana bwawa ndani ya nyumba, maji ya uvuguvugu, ukisimama yanakufika kifuani.

Kwenye bwawa lile, Mathew, nilizaliwa upya. Mguu ambao nyumbani nilikuwa naunyanyua kwa mikono kuupandisha kitandani, majini ulikunjika na kukunjuka wenyewe. Nikaanza kutembea. Wiki zilizofuata nikapiga mateke, nikaruka, nikakimbia toka ukuta huu mpaka ule kama msichana. Bhavna alikuwa ananiuliza kila mara kama yale mazoezi ya nchi kavu nayafanya nikiwa nyumbani, nami namjibu nayafanya. Yale ya nchi kavu yalikuwa ni kukaa kwenye kiti na kuinuka polepole, kukaa na kuinuka, halafu kunyoosha mguu na kukaza paja. Nilifanya kidogo nikayaacha. Kwanza yanauma. Pili yanakera: mtu mzima unainuka kwenye kiti na huendi popote. Mimi unanijua, nikiinuka nina safari.

Ndipo nikakutumia ile video ya mwezi wa nane, nikikimbia bwawani. Ukanipigia ukicheka, ukasema nimepona, habari za Shirimatunda tuziache. Sikukudanganya, nilikuwa naamini hivyo mwenyewe. Hata kanisani nilikuwa nimeshatoa shukrani.

Kumbe nilikuwa nimepona majini tu.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa nilishuka shamba la chini kukata majani ya migomba ya kumlisha ng'ombe. Kushuka nilishuka vizuri. Nikafunga mzigo, nikajitwisha, nikaanza kupanda, na kabla sijafika popote goti likaachia. Halikuuma wala halikulia, liliachia tu. Nikaenda chini na mzigo wangu kama Aprili. Sikuvunjika, lakini nilichubuka, na matope yaliniingia mpaka mdomoni.

Shemeji yako Elisifa, mjane wa marehemu kaka yetu Filemon, alikuwa upande wa pili wa masale, ile mimea ya mpaka, akaona yote. Alikuja akaniinua. Halafu jioni ile ile akakupigia simu wewe, nawe ukaanza upya na nyumba yako ya tambarare. Nilikasirika sana. Nilimwona amenichongea. Nikaacha kumsalimu, na kanisani nikahamia benchi la upande wa akina baba ili nisimwone.

Sasa ngoja nikafunike kahawa.

Nimerudi. Hapa ukicheka cheka, maana kila mtu amecheka isipokuwa mimi. Kwa Bhavna niliona aibu kwenda na yale machubuko. Unaikumbuka nduwa, lile bwawa la udongo kule juu, ambamo maji ya mfongo, mfereji wetu wa kijiji, hukusanywa usiku kucha ili asubuhi wenye zamu wafunguliwe wamwagilie? Nikawaza hivi: kama ni maji ndiyo yaliyoniponya, kwa nini nipande gari mpaka mjini na maji yapo hapa, tena ya mlima wetu? Alfajiri nikajifunga kanga, nikaingia.

Mathew, yale maji yametoka msituni. Bhavna ana maji ya uvuguvugu, haya ni ya kukata roho. Nilipiga mateke kidogo, paja likakakamaa kama gogo, na tope la chini likanishika miguu yote miwili. Kutoka nikashindwa. Nikabaki nimeshika majani ya ukingoni, meno yanagongana, mpaka Meku Wilson na wazee wenzake wakaja na majembe kufungua maji. Yeye ndiye mwenyekiti wa mfongo siku hizi.

"Mwalimu! Unafanya nini humo?"

"Mazoezi, Meku. Shikamoo."

"Mazoezi! Kwenye nduwa ya watu?"

Hakuitikia hata shikamoo yangu. Aligeukia kando kwa sababu ya ile kanga iliyolowa, akaagiza ije kamba ya ndama, na hivyo ndivyo walivyonitoa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, navutwa huku wametazama pembeni. Jumapili baada ya misa wakaniweka kikao. Wakasema tangu enzi za babu zetu mwanamke haingii kwenye nduwa, atafanya maji yakauke. Nikabisha. Nikawaambia maji hayajui huyu mwanamke huyu mwanamume. Meku Wilson akajibu kwamba maji yasipojua, wao wanajua, na faini ni ile ile ya zamani, debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikakubali, maana wewe ungekuwepo ungekubali pia, na tena ungeninong'oneza ninyamaze.

Nikiwa nimeloweka ulezi wa hiyo mbege ndipo nikapiga moyo konde nikarudi kwa Bhavna. Nilimweleza yote, la kuanguka na la nduwa. Alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaacha kucheka, akasema leo nitakuonyesha kitu.

Alinibandika vidude vidogo kwenye mapaja, mbele na nyuma, vina nyaya, akavifunika kwa plasta isiyopitisha maji. Nyaya zikaenda kwenye kompyuta. Msuli ukifanya kazi mstari unaruka, ukipumzika mstari unalala. Akaniambia niinuke kwenye kiti polepole. Mguu mzima ulirusha mistari mirefu. Ule wa goti bovu ulirusha mifupi, inayotetemeka. Nikajitetea kwamba hiyo ni nchi kavu, asubiri nifike bwawani.

Bwawani ana benchi la chini ya maji. Nikakaa, nikainuka polepole vile vile, raha mustarehe, nikamgeukia kutaka sifa. Mstari wa mbele ya paja ulikuwa umelala, umejiinua kidogo tu. Nikasema mashine imeharibika. Akaniambia nipige mateke kwa nguvu na haraka. Mstari ukaamka, wa mbele na wa nyuma. Nikapunguza, ukalala tena.

"Mwalimu, maji yanakubeba," akasema. "Ukienda polepole, msuli hauna mzigo wa kuinua. Ukienda haraka, maji yanakupinga, ndipo unafanya kazi. Nilikuanzisha humu ili goti lisiogope kukunjika. Lakini Mwika nani atakubeba?"

Nikamwambia ipo nduwa. Hakucheka.

Hasira zilinipanda, Mathew. Wiki zote zile nilisifiwa kwa kazi iliyofanywa na maji. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakunionyesha mapema, akanijibu kwa adabu kwamba aliniuliza kila siku kuhusu kiti nami nikasema nakifanya. Nilikaa ukingoni na nyaya zangu nikalia, na si kwa maumivu. Nilikuwa nimekuonyesha wewe mguu ambao sina.

Alinieleza kwamba baada ya upasuaji ule msuli mkubwa wa mbele ya paja unasinzia, unasahau kazi yake, na hauamki kwa kubembelezwa. Maji hatukuyaacha. Nashuka kwake mjini kuyapiga mateke ya haraka na kulegeza goti. Lakini uzito wangu mwenyewe lazima niubebe nchi kavu. Kwa hiyo sasa nyumbani nakaa na kuinuka. Nilianza na kiti kirefu cha mezani, nikashuka kwenye kile kifupi, na sasa nimefika kwenye kigoda cha jikoni. Baada ya hapo napanda na kushuka kizingiti cha mlango, polepole kabisa, na kushuka ndiko kunakouma kuliko kupanda. Jasho linanitoka na sijaondoka mlangoni. Nachukia kila dakika yake. Naifanya.

Siku mbege ilipoiva wazee wakaja kuchukua faini yao, wakaketi uani. Wakati wangu wa mazoezi ukafika na mimi sikutaka kuuacha, nikaanza kukaa na kuinuka mbele yao. Walinicheka sana. Meku Wilson akasema hiyo ni kazi ya mtoto, akakaa kwenye kigoda, kata ya mbege mkononi, akainuka mpaka nusu, akabaki hapo hapo. Hakupanda, hakushuka. Wenzake walikimbilia kuiokoa kata kwanza, yeye baadaye. Sasa kila tukikutana ananiuliza, "Mwalimu, leo umeinuka ngapi?" nami namuuliza yeye.

Basi nilikuwa nimeanza kupata moyo, na nilikuwa nimeamua kukukatalia Shirimatunda kwa jeuri yote. Halafu ikaja Siku ya Marehemu Wote, Jumamosi iliyopita.

Unajua mama na baba wamelala kule chini, karibu na ilipokuwa nyumba ya zamani. Tangu Aprili sikuwa nimefika, na nyasi zilikuwa zimewafunika. Nilisema lazima niende, na niende mwenyewe. Nikachukua panga na mishumaa, nikashuka upande upande kama Bhavna alivyonifundisha, goti likashika vizuri. Nikasali. Nikakaa chini kung'oa magugu, nikaongea na mama kidogo, nikamshtakia habari zako. Kisha nikataka kuinuka.

Chini ni chini kuliko kigoda, Mathew. Nilijaribu kwa mguu mmoja, nikageuka nikajaribu kwa magoti na mikono. Paja lilitetemeka, halafu likakataa kabisa. Manyunyu yakaanza na mishumaa ikazimika. Simu nilikuwa nimeiacha mezani. Nikakaa pale kwenye udongo uliolowa, nikaona kwamba pengine ulikuwa na haki, na hilo liliniumiza kuliko goti. Niliogopa. Sijawahi kuogopa kwenye kihamba cha baba.

Upande wa pili wa masale Elisifa alikuwa amekuja kulisafisha kaburi la Filemon. Nilimsikia anakohoa. Kwanza nikaendelea kung'oa magugu, kiburi hicho unakijua. Halafu nikaita, "Wifi." Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu mwezi wa tisa.

Alikuja. Hakunivuta wala hakunisema. Alipiga goti kando yangu, akanipa bega lake, akasema, "Egemea hapa, lakini inuka mwenyewe." Nikaegemea nikainuka. Tukapanda, mimi mbele, yeye chini yangu kunikinga nisirudi nyuma, na tulisimama mara nyingi mno.

Tulipofika jikoni nikampa chai, na kwa sababu siwezi kukaa na jambo, nikamuuliza kwa nini alikupigia simu wewe unihamishe. Alinitazama sana.

"Nani kasema uhamishwe? Mimi nilimwambia, dada yako ameanguka, njoo. Habari ya nyumba ameitaja yeye."

Tangu hapo ndipo hasa situlii.

Nikueleze hali ilivyo leo, bila video. Kwenye tambarare natembea vizuri. Mteremko nashuka, kupanda peke yangu bado. Kuinuka toka chini bado. Bhavna anasema nisipomdanganya tena, huenda Pasaka nikapanda mwenyewe, ila mzigo kichwani niuage, na nimeshauaga. Elisifa amehamia hapa tangu Jumapili, godoro lake liko chumbani kwako. Majani ya ng'ombe anakata yeye, mimi nakamua, tunagombana kuhusu chumvi. Wawili tunatosha. Kwa hiyo Shirimatunda siendi, na sikukatalii kwa jeuri tena, nakukatalia kwa kuwa nimepima.

Ila neno la Elisifa limenikaa kifuani. Mara ya mwisho wewe kukanyaga hapa ni tulipomzika Filemon, ukaondoka kabla hatujaanua matanga. Tangu hapo umeleta bati, umeleta tangi la maji, umelipa hospitali, na sasa unataka kuleta nyumba. Vyote nimevipokea na nimekushukuru, na nakushukuru tena. Kila Disemba watu wa Mwika wanarudi, magari yanajaa barabarani mpaka kwa Meku Wilson, na mimi nafagia uwanja kama wengine halafu namaliza kufagia. Goti linaniuma, ndiyo. Lakini nimekukumbuka wewe, Mathew, na nilikuwa sijawahi kukwambia kwa sababu kila nikianza unaniuliza kama hela imefika.

Nasikia Ruth anabisha hodi getini. Msalimie sana Pamela, mwambie kitenge alichonitumia nimeshakishona, nitakivaa Krismasi. Elisifa anawasalimu wote. Meku Wilson anakusalimu, anasema zamu yako ya kusafisha mfongo anaifanya mtu mwingine miaka yote hii. Bhavna hakujui lakini ameiona sura yako kwenye simu yangu, naye anakusalimu. Mungu wa baba na mama awalinde huko kwenye baridi, awape afya na kazi njema, na amlaze Filemon pema.

Huyo mwenye nyumba mjibu hapana. Hiyo hela kata tiketi.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,

Salvina